Mnunuzi Afike Mwenyewe

Pasi ilizima siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi, katikati ya shati la tisa. Lilikuwa shati jeupe la karani wa benki, la mikono mirefu, na Bi Pasi alikuwa amekwisha kunyoosha kola na bega la kulia. Alisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayefunga mkoba, kisha taa nyekundu ya kwenye mpini ikafa. Akatikisa waya. Akahamishia plagi kwenye soketi ya pili, ile ya redio. Akaweka kiganja karibu na bamba la chuma akahesabu mpaka mia, na bamba likazidi kupoa.

Mashati kumi na manne yalikuwa yanasubiri kwenye kapu, na wenyewe wangeyapitia saa kumi na moja wakitoka kazini. Chumba chake kilikuwa cha chini kabisa katika jengo la ghorofa nne, na dirisha lake la barabarani ndilo lililokuwa kaunta. Watu walikuwa wamemwita Bi Pasi kwa muda mrefu kiasi kwamba hata kadi yake ya zahanati iliandikwa hivyo. Bi Pasi asiye na pasi ni nini? Hakutaka kulifikiria swali hilo. Alivuta kigoda, akapanda, akashusha kopo la biskuti la marehemu mumewe kutoka juu ya kabati.

Marehemu aliitwa Mzee Risiti, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Nyumbani alipasua tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili akwangue iliyobaki, na vipande vya sabuni alivibandika vikiwa vibichi hadi vikawa mche mwingine wa rangi nne. Shati likichakaa kola, kola iligeuzwa. Ikichakaa upande wa pili, shati likawa tambara la kudekia. Na kila alichonunua, tangu kandambili hadi kitanda, risiti yake iliingia kwenye kopo. Kitu kikiharibika alikirudisha kilikotoka. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao, matembezi yao yalikuwa ndiyo hayo. Alivaa shati zuri, akachana nywele, akasema, "Bibie, twende tukarudishe." Naye Bi Pasi alimfuata hatua tatu nyuma, ili watu wasidhani wako pamoja.

Risiti ya pasi ilikuwepo, ya miaka tisa iliyopita, imefifia lakini inasomeka. Nyuma yake ilikuwa imebanwa kadi ngumu yenye maandishi mekundu: DHAMANA YA MAISHA. Chini kulikuwa na sahihi ya Mzee Risiti, ile yenye mkia mrefu.

Bi Pasi aliazima pasi ya mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, akamaliza mashati, na kesho yake asubuhi akaenda dukani.

Dada wa kaunta alikuwa msichana mpole mwenye kucha fupi. Alisoma kadi pande zote mbili.

"Kadi ni halali, mama. Mnunuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mume wangu. Alifariki mwaka jana."

"Pole sana, mama."

"Ahsante, mwanangu."

"Lakini kipengele cha sita kinasema mnunuzi afike mwenyewe." Aligeuza kadi, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Na kitambulisho."

"Amefariki, mwanangu."

"Nimekusikia, mama. Ila mimi siwezi kupitisha bila yeye kufika."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Bi Pasi alitoka dukani akilitafuna neno hilo njia nzima. Siku ya Ijumaa mchana alifunga dirisha lake mapema, akaenda makaburini. Alifagia majani, akakaa pembeni, akaeleza jambo kama lilivyo: pasi imezima, risiti ipo, dhamana ipo, wanataka mwenyewe. Hakuomba. Alijua tu kwamba katika maisha yake yote mumewe hakuwahi kukataa safari ya kwenda kurudisha kitu.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mlango uligongwa mara tatu haraka, kisha mara moja polepole. Mtu mmoja tu ndiye aliyebisha hodi hivyo. Bi Pasi aliacha kikombe cha chai mezani, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana aliyeitwa barazani kuonwa na wakwe, akafungua.

Mzee Risiti alisimama kizingitini na suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Alikuwa amepungua kidogo mashavuni. Mabegani alikuwa na mchanga.

"Mlininunulia soksi mpya," alisema. "Za nini?"

"Karibu ndani kwanza."

"Zile za zamani zilikuwa na tundu moja tu, tena la chini."

"Alinunua dada yako."

"Nilijua." Akaingia, akazima taa ya ukumbini iliyokuwa ikiwaka bure, akanawa mikono, akaulizia kopo la biskuti.

Kilichomuumiza Bi Pasi ni ile suti. Ilikuwa imejikunja mgongoni kwa mwaka mmoja na miezi minne ya kulaliwa, na yeye, mwanamke aliyenyoosha nguo za nusu ya mtaa, hakuwa na chombo cha kuinyooshea. Aliipiga maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, akaivuta kwa viganja. Mumewe alisimama wima na mikono kando, kama alivyosimama kila asubuhi kabla ya kwenda stoo. Alikuwa baridi, lakini si sana. Kama ukuta wa upande usiopata jua.

"Unatetemeka, bibie."

"Ni furaha, nawe. Simama sawa."

Yeye mwenyewe alivaa gauni la zambarau ambalo hakuwa amelivaa tangu msiba, akajipaka mafuta, akajitazama kwenye kioo mara mbili.

Waliondoka kwa miguu. Mzee Risiti hakuwahi kulipa nauli ya mahali ambapo miguu inafika, na sasa goti lake la kushoto lilikuwa limeacha kumuuma, akatembea kama kijana. Majirani walimsalimia kama mtu aliyerudi safari.

"Za siku nyingi, mzee?"

"Njema. Za hapa?"

"Hapa ndiyo hivyo tena, bei zinapanda. Kwema huko?"

"Kimya," alisema Mzee Risiti. "Na hakuna anayeuza kitu."

Habari ilikuwa imeshapanda ngazi zote kufikia ghorofa ya nne. Mwalimu mstaafu alishuka mbio na ndala zisizolingana, amekumbatia birika la umeme lililokuwa likivuja kitakoni.

"Mzee Risiti, kwa vile unakwenda huko huko, nipelekee na hili."

"Risiti unayo?"

"Ilipotea."

Mzee Risiti alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mwalimu, mimi kufa nimekufa, lakini bila risiti sina la kufanya."

Safari hii Bi Pasi hakutembea nyuma. Alimshika mkono tangu mlangoni, na pasi ikawa kwenye mfuko wa nguo katikati yao, kila mmoja ameshika mpini mmoja. Alipoona watu wanawatazama, aliinua kidevu.

Dukani walichukua namba, arobaini na saba. Ubao ulionyesha ishirini na mbili. Wakakaa kwenye benchi la plastiki mkabala na majokofu. Mzee Risiti alitazama bei moja moja kwa makini, akasonya, akasema ni aibu. Macho yalikuwa yakimng'aa. Alikuwa anakunja na kukunjua kadi ya dhamana kama mchezaji anayesubiri kuingia uwanjani.

Ndipo Bi Pasi alipopata nafasi ya kuuliza lile alilokuwa nalo kifuani.

"Vile vidonge vya presha," alisema. "Kwa nini ulivikata?"

Mumewe aliacha kukunja kadi. Namba ishirini na tano ikaitwa.

"Vilikuwa vya siku thelathini. Nikivigawa nusu vinakwenda siku sitini."

"Daktari alisema kimoja kizima kila siku."

"Daktari hanunui." Kisha akashusha sauti. "Nilikuwa najisikia vizuri, bibie. Nikajua natosheka na nusu. Nikajiona mjanja."

"Nilikuta kisu kidogo ndani ya kikasha cha dawa. Na nusu zilizobaki. Zilikuwa kumi na tisa." Bi Pasi alikuwa akitazama mlango wa jokofu, si yeye. "Nilizitupa. Hata kwenye kopo sikuweka."

"Ulifanya vizuri."

"Ungebana kwingine kote. Mimi nisingesema neno."

"Najua."

Aliuchukua mkono wa mkewe akauweka juu ya goti lake lisilouma, wakakaa hivyo kuanzia namba ishirini na sita hadi namba thelathini na tisa, ambayo mwenyewe hakutokea.

Dada wa kaunta aliwatambua.

"Ndiye mnunuzi?"

"Ndiye," alisema Bi Pasi, na akashindwa kuzuia tabasamu.

"Shikamoo, baba. Naomba kitambulisho."

Kitambulisho kilikuwa kimerudishwa serikalini, kama sheria inavyotaka mtu akifa. Mzee Risiti alitoa cheti cha kifo. Msichana alilinganisha jina na lile la kwenye kadi, akamwomba aweke sahihi kwenye karatasi, akalinganisha mkia wa sahihi na mkia wa sahihi. Ikafanana. Alionekana kufurahi kwa niaba yao. Akachukua muhuri, akaupuliza, kisha akakumbuka kwamba muhuri wa dhamana haupigwi bila meneja.

Meneja alikuwa mwanamume mnene wa shingo, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alimpa Mzee Risiti mkono, akampa pole, akasoma kadi.

"Hii haiwezekani, mzee. Ni dhamana ya maisha. Maisha yako yamekwisha."

"Imeandikwa wapi kwamba ni maisha yangu?"

Hapo ndipo Bi Pasi alipomwona mumewe akirudi kabisa. Alitoa miwani mfukoni, ile ya kamba upande mmoja, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa maandishi madogo, akaanza kusoma kwa sauti, bila haraka, kama alivyosoma hati za kupokelea mapipa ya rangi. Watu wa foleni walisogea. Mwanamke mwenye feni iliyovunjika aliomba asome kwa sauti zaidi. Kipengele cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha sita: mnunuzi afike mwenyewe.

"Nimefika," alisema Mzee Risiti.

"Amefika," alisema mwanamke wa feni.

Bi Pasi alihisi joto likimpanda kutoka miguuni. Miaka yote ile alikuwa akisimama karibu na mlango, akijifanya anatazama vyombo, na hakuwahi kuona jinsi mumewe anavyopendeza akiwa na haki.

Meneja naye aliinama juu ya kadi. Alitafuta kwa muda, kisha akapiga kucha juu ya kipengele cha saba, kilichoandikwa kwa herufi kama miguu ya sisimizi.

"Soma hapo, mzee."

Mzee Risiti akasoma. "Neno maisha katika dhamana hii lina maana ya maisha ya bidhaa yenyewe."

Kwenye foleni kila mtu alifanya hesabu yake.

"Kwa hiyo pasi ikiwa inafanya kazi, ina dhamana," alisema Mzee Risiti.

"Ndiyo."

"Ikifa, dhamana imekwisha."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na ikiwa inafanya kazi, mtu ataileta ya nini?"

"Hilo sasa," alisema meneja, "ni swali la makao makuu. Kuna fomu ya malalamiko."

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Mzee Risiti aliijaza yote kwa herufi kubwa, akaomba nakala. Chini iliandikwa kwamba lalamiko hujibiwa ndani ya siku tisini za kazi, na kwamba mlalamikaji anatakiwa kufika mwenyewe kila wiki kufuatilia, la sivyo faili litafungwa.

"Kila wiki," alisema Mzee Risiti, akimwangalia mkewe juu ya miwani. "Siku gani inakufaa?"

"Jumatatu," alisema Bi Pasi. Alilitamka upesi mno, mpaka dada wa kaunta akacheka.

Wakarudi hadi njia panda. Mumewe akakata kushoto kwenda makaburini, Bi Pasi akanyoosha kwenda nyumbani, akiwa amebeba pasi ile ile iliyokufa na akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu saa mbili na nusu mlango uligongwa mara tatu haraka na mara moja polepole. Kwa siku nyingine za wiki Bi Pasi alinyoosha mashati kwa pasi ya mwalimu, ambayo alitakiwa kuirudisha saa sita, na hivyo aliamka mapema kuliko alivyozoea. Kazi ilipungua. Wateja watatu walihamia kwa dobi wa mtaa wa pili. Lakini Jumapili jioni alianza kuandaa gauni, na binti yake alipopiga simu alimkuta anaimba.

Watu wa foleni nao walikwenda makaburini wakawaambia marehemu wao. Jumatatu ya nne, mwanamke wa feni alikuja na mama yake mzazi, aliyefariki miaka sita iliyopita, ambaye ndiye aliyekuwa ameinunua feni ile. Jumatatu ya sita alikuja marehemu mmoja, fundi bomba, na kadi ya godoro, ameshikwa mkono na wanawe wawili. Ilipofika ya tisa, duka lilikuwa limetenga dirisha la nne, likabandika tangazo: MAREHEMU NA WALIOWASINDIKIZA HAPA. Waliongeza benchi. Waliokaa pale walisimuliana, wakataniana, wakaulizana bei za enzi zao, na mara nyingi walio hai walisahau kabisa walichofuata. Hakuna aliyewahi kubadilishiwa kitu.

Jumatatu ya kumi meneja aliwaita Bi Pasi na mumewe ofisini, akawapa viti. Mezani palikuwa na pasi mpya ndani ya boksi lake, na kando yake karatasi moja.

"Makao makuu wamekubali," alisema. "Kwa hisani tu. Mzee anasaini hapa, mama anaondoka na pasi, faili linafungwa."

Mzee Risiti alishusha pumzi ndefu, ingawa hakuwa na haja ya kupumua. Katika maisha yake hakuwahi kurudishiwa kitu kikubwa kuliko mwavuli. Alivaa miwani, akasoma karatasi kuanzia juu hadi chini, kalamu mkononi, na sikio lake lilikuwa limesimama kama la paka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka thelathini na moja. Aligeuka akauliza.

"Bibie, wewe unasemaje?"

Bi Pasi aliitazama pasi. Ilikuwa ya buluu, ya mvuke, yenye waya mrefu. Alifikiria mashati, na dobi wa mtaa wa pili, na saa sita ya mwalimu. Kisha akatazama mkono wa mumewe ulioshika kalamu.

"Soma tena sentensi ya mwisho," alisema. "Polepole."

Akasoma. "Mnunuzi anakiri kwamba dhamana haikuwahi kuwepo, na hatafika tena dukani kwa jambo lolote."

Nje dirisha la nne lilikuwa likiita namba kumi na mbili.

Mzee Risiti alifunika kalamu yake. "Hatusaini."

"Mama," alisema meneja, "pasi hii ni mpya."

"Naiona."

"Na una kazi ya kufanya."

"Ninayo," alisema Bi Pasi, akainuka, akamshika mumewe mkono.

Wiki ile alinunua pasi iliyotumika kwa fundi redio wa jirani, bila boksi wala kadi. Ilipata moto zaidi upande mmoja, na ilimchukua siku mbili kuizoea. Alipomweleza mumewe bei, mumewe alisema amepunjwa, na Bi Pasi akamwambia anyamaze, atakula hasara hiyo peke yake. Mteja mmoja kati ya watatu alirudi.

Siku tisini za kazi zilipita. Barua ikaja kutoka makao makuu ikisema lalamiko limepokelewa na siku nyingine tisini zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua. Mzee Risiti aliisoma mara mbili akaitia kwenye kopo, ameridhika kama mtu aliyelipwa.

Jumatatu iliyofuata walipata namba thelathini na moja. Kaunta ya mauzo ilikuwa jirani na benchi lao, na vijana wawili waliooana karibuni walikuwa wakichagua pasi. Muuzaji aliwatolea ya buluu, akawaonyesha mvuke, akawaonyesha kadi.

"Hii," alisema, "ina dhamana ya maisha."

Bwana harusi aliigeuza huku na huku, akauliza bei tena, akasita. Mkewe alikuwa ametazama pembeni, kwenye benchi, ambako mzee mmoja wa suti iliyonyooshwa upya alikuwa akimsomea mkewe tangazo la bei za majokofu, na mkewe, amevaa gauni la zambarau, amemwegemea begani, anacheka kwa kujizuia. Bibi harusi aliwatazama mpaka namba yao ikaitwa na wakainuka.

"Tuchukue hii," alimwambia mumewe.

Bwana harusi akatia sahihi.